Mbu wa Tiira na Bunge la Mbali

Nilipokwenda kujitambulisha kwa wakwe zangu kule Buhehe, shangazi wa mke wangu aliniuliza mbele ya watu wote, "Kijana, unafanya kazi gani?"

Nikasema ninafuga. Nyuso zikachangamka.

"Unafuga nini?"

"Mbu."

"Mbuzi wangapi?"

"Si mbuzi, shangazi. Mbu. Hawa wanaouma."

Nikasikia kuku wakiparura nyuma ya jiko. Shangazi akamgeukia mke wangu mtarajiwa akamwuliza, "Nafula, huyu mtu umemtoa wapi?"

Basi, vijana wangu, mimi ni yule mtu. Nimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa kufuga mbu wa malaria katika kituo cha utafiti pale Tororo. Sasa nimestaafu, ninaishi Busia upande wetu huu wa Uganda, na wale wanaoanza kazi hiyo hunipitia kuniuliza mambo. Wengi huuliza namna ya kuwafanya viluwiluwi wakue kwa pamoja. Nitawaambia. Lakini kuna jambo jingine nataka mlijue kabla hamjavaa yale makoti meupe, kwa sababu halimo katika mafunzo yenu. Ni habari ya mwaka ule serikali ya nchi ya mbali ilipofunga ofisi zake, na yaliyotukuta sisi huku.

Nianze na mzee wangu wa kazi. Aliitwa Emojong, mtu wa kabila la Wateso wa upande wa Malaba, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akitembea ndani ya chumba cha mbu kama mtu aliyeingia kanisani ibada imeshaanza. Siku yangu ya kwanza alinipa mrija wa kunyonyea mbu. Unaweka ncha moja karibu na mbu, nyingine mdomoni, unavuta pumzi kidogo, mbu anaingia ndani ya mrija. Katikati pana kitambaa cha neti cha kumzuia asifike kooni. Emojong alisahau kuniambia nikikague kwanza. Nilivuta, nikahisi kitu kinanitekenya ulimini, nikameza.

"Umemeza jike au dume?" akaniuliza bila kucheka.

"Sijui, mzee."

"Basi bado hujaanza kazi."

Ndiyo maana nawaambia, kagueni kitambaa kabla ya kuvuta. Siku hizi iko mirija ya betri, inavuta yenyewe, lakini betri huisha mkiwa ndani ya nyumba ya mtu, na mrija wa mdomo utaurudia tu.

Alinifundisha kwamba adui mkubwa wa mbu wa kufugwa ni sisimizi. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, na makopo yakaguliwe kila siku, maana jani moja likianguka humo huwa daraja. Alinifundisha kuwalisha viluwiluwi unga wa omena, wale dagaa wa ziwani, uliosagwa laini kama poda, chembe chache tu. Ukiwapa mwingi kwa huruma, maji yanachacha na wote wanakufa. Ukitaka wakue kwa pamoja, wasibanane: ligawe beseni moja liwe mawili mapema, kabla hujaona haja. Wakishajikunja kama alama ya mkato, wameacha kula, wahamishe upesi kizimbani kabla hawajaota mabawa. Na ukiingia chumba cha mbu, usipake mafuta ya kunukia wala usinyunyize marashi. Kijana mmoja alikuja kazini akinukia harusi, na vizimba viwili havikula siku nzima.

Zamani jike tulimlisha kwa mkono wetu wenyewe. Unaingiza mkono kizimbani, unasoma gazeti kwa mkono mwingine. Ukimaliza, ngozi imevimba kama chapati iliyomwagikiwa mafuta. Baadaye ikaja mitambo ya vioo yenye maji moto na utando mwembamba, tukawa tunaleta damu ya ng'ombe kutoka machinjioni na mbu wanainyonya kupitia utando. Mke wangu alishukuru sana kwa maendeleo hayo ya sayansi.

Vizimba vyetu vilishonwa na fundi mmoja wa Busia ya Kenya, kwa kuwa mishono yake ilikuwa myembamba kuliko ya fundi yeyote upande wetu. Siku moja ninarudi navyo begani, mama wa forodha akanisimamisha.

"Hizo ni nini?"

"Vizimba vya mbu."

"Unaingiza mbu Uganda?"

"Vitupu, mama. Mbu tunao wenyewe."

Akanitazama sana. "Mbu wote hawa wa bure, na wewe unawajengea nyumba?" Akaniachia nipite, lakini kuanzia siku hiyo kila nikivuka alikuwa akiniuliza watoto wangu wenye mabawa hawajambo.

Sasa nije kwa Tiira.

Tiira mnaijua, huku kwetu Busia: mashimo ya dhahabu kila upande. Watu wakishamaliza shimo wanahamia jingine, na lile la zamani linajaa maji ya mvua, linapigwa jua, na hakuna mahali mbu wa malaria anapopapenda kuliko hapo. Mradi wetu ulikuwa na nyumba kadhaa kule tulizozitembelea kila mwezi. Tulifika asubuhi, kabla mbu hawajatoka, tukamulika kuta na mapaa kwa tochi, tukawakamata waliokuwa wamepumzika na shibe yao. Nyumba niliyoizoea zaidi ilikuwa ya mama mmoja aliyeitwa Mama Ouma. Mume wake alikuwa mashimoni, yeye akipika chai na mihogo ya kuwauzia wachimbaji. Mwanawe Ouma alikuwa mdogo, anaanza tu kukimbia.

Ni Mama Ouma aliyetuonyesha kitu ambacho baadaye kilikuwa kazi ya miaka yetu mingi. Alimwita Daktari Nabwire ndani, akamwonyesha neti ya kitanda, neti mpya yenye dawa. "Angalia hii kitu, Daktari. Mbu anakalia neti anapumzika. Anatembea juu yake. Mlisema akigusa anakufa."

Daktari Nabwire alikuwa ndiye mkuu wa maabara yetu, binti wa Busia hapahapa, aliyesoma mpaka akamaliza, kisha akarudi nyumbani wakati wenzake walikuwa wanatafuta njia ya kubaki ng'ambo. Alisimama akiwatazama wale mbu mpaka chai aliyopewa ikapoa. Kisha akaniambia, "Mzee Wandera, wakamate hao. Hao hasa, waliokaa juu ya neti."

Nikawakamata. Kutoka kwao tukapata mayai, kutoka kwa mayai kizazi cha kwanza, na kizazi baada ya kizazi. Tuliwaita Watiira. Dawa ya neti za kawaida ilikuwa haiwafanyi kitu. Kisha zikaja neti za aina mpya, zenye dawa mbili, na swali la Daktari likawa hili: je, Watiira nao watazizoea? Na kama watazizoea, baada ya vizazi vingapi? Swali kama hilo huwezi kulijibu kwa siku moja. Unawagusisha neti, unawalea waliobaki, unawagusisha watoto wao, na wajukuu, na vitukuu, bila kukatisha. Ukikatisha, unaanza upya, na unaoanza nao si wale tena.

Hapo ndipo mnapaswa kuelewa jinsi fedha zilivyokuwa zikitufikia, kwa maana wengi wenu mnadhani fedha za utafiti hukaa benki zikiwangoja. Zetu zilitoka katika idara moja ya serikali ya Marekani, zikaenda chuo kikuu kimoja cha huko kwa Profesa tuliyeshirikiana naye, na chuo hicho ndicho kilichotutumia. Mradi ulikuwa wa miaka kadhaa, lakini fedha zilitolewa mwaka kwa mwaka. Mwaka ukiisha unapeleka ripoti, ofisa wa idara anaisoma, akiridhika anaidhinisha mwaka unaofuata. Sisi hatukuwahi kukosa idhini. Tulikuwa tumeshasahau kwamba inaombwa.

Mwaka huo tulipeleka ripoti yetu kama kawaida. Wiki hiyohiyo redio zikatangaza kwamba serikali ya Marekani imefungwa.

Daktari Nabwire alituita wote uani. Okoth, askari wetu wa langoni, mtu wa kabila la Japadhola asiyependa kuachwa nyuma na maneno, akanyoosha mkono.

"Daktari, serikali inafungwaje? Ni duka?"

"Bunge lao halijapitisha bajeti," Daktari akasema. "Bila bajeti, ofisi nyingi za serikali yao haziruhusiwi kufanya kazi. Wafanyakazi wanarudishwa nyumbani mpaka wabunge waelewane."

"Wabunge wa huko nao wanagombana?"

"Sana."

Watu wakacheka. Tulifurahi kidogo, nisiwafiche. Kisha Daktari akaendelea, "Yule ofisa wa kuidhinisha mwaka wetu yuko nyumbani kwake. Ripoti yetu iko mezani kwake. Mpaka arudi, mkataba wetu na chuo cha Profesa umesimama."

"Si tumpigie simu?" nikauliza.

"Haruhusiwi hata kufungua barua pepe ya kazi, Mzee Wandera. Ni sheria yao."

"Na chuo cha Profesa hakiwezi kutukopesha?"

"Kinawashikilia watu wake wenyewe kwa muda, kikitumaini mambo yatafunguka. Kutuma fedha nje bila mkataba hai, hakiwezi. Profesa amejaribu. Nimemsikia kwenye simu, sauti yake ni ya mtu aliyejaribu."

Na hapa niwaonyeshe jambo. Uani kwetu palikuwa na mradi mwingine, jengo la pili kutoka letu, nao walifadhiliwa na serikali ileile. Wao idhini yao ya mwaka ilikuwa imetoka miezi kadhaa kabla. Waliendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Gari lao likitoka asubuhi, sisi tumesimama. Hawakuwa wazuri kuliko sisi, wala sisi hatukuwa wabaya. Tarehe yao ilikuwa nyingine tu. Mnapoandika maombi yenu ya fedha siku zijazo, tazameni mwaka wenu unaishia mwezi gani.

Wenzetu wengi walipewa likizo isiyo na malipo. Walikwenda kwao, wengine kulima, mmoja kuendesha boda boda kati ya mji na mpaka. Tukaagizwa kwamba hakuna anayeruhusiwa kwenda nyanjani kwa jina la mradi, maana kibali na bima vyote viliufuata ule mkataba. Nyumba za Tiira zikakosa wageni wao mwezi ule, na mwezi uliofuata.

Tulibaki Daktari Nabwire na mimi, pamoja na Okoth langoni ambaye alisema hana mahali pengine pa kukaa penye kivuli kizuri. Hakuna aliyetulazimisha. Lakini mashine ukiizima inakungoja. Mbu akikosa sukari leo na kesho, keshokutwa hayupo. Na mayai ya mbu wa malaria hayawekwi kabatini yakangoja, yakikauka yamekufa.

Tulikuwa na vyumba vitatu. Kimoja cha mbu wa maabara, ukoo uliotoka mbali, ambao dawa yoyote huwaua. Hao hutumika kulinganisha. Cha pili cha mbu wa Buhehe. Cha tatu cha Watiira. Umeme ulikuwa wa kulipia kwanza ndipo utumie, na mashine za kutia vyumba unyevu zilikuwa zikiula kama ng'ombe aliyeingia shambani. Daktari akalipia kutoka mfukoni mwake, mara ya kwanza, mara ya pili. Mchinjaji wa machinjioni akawa anatupa damu bila kusema neno, ananijazia chupa na kuniambia, "Nenda, watoto wana njaa." Jua la kiangazi lilikuwa limeingia, kali, kavu. Nilitundika magunia yaliyoloweshwa maji ukutani ili chumba kisikauke.

Siku moja nilimwambia, "Daktari, niruhusu nichukue vizimba viwili vya Watiira nyumbani. Nyumba yangu ina chumba chenye giza na ubaridi. Nafula ameshazoea."

Akafikiri kabla ya kujibu. Sikuona kwamba alinidharau.

"Hawa mbu tumewalea sisi wawe hawafi kwa neti, Mzee. Wa kwanza waliletwa hivyo, lakini hawa wa sasa ni sisi tuliowachuja. Hapa kuna milango miwili na neti kila dirisha. Kizimba kikipasuka kwako, jirani yako akipata homa, nitamwambia nini?"

Alikuwa na haki. Na ninyi mkijikuta na wazo kama langu, mkumbuke jirani.

Basi akaamua. Mbu wa maabara aliwaacha kwanza, kwa sababu ukoo wao upo katika vituo vingine, tungeweza kuomba mayai. Kisha wale wa Buhehe. Alisimama mlangoni mwa chumba chao akiwa ameshika kitasa. "Hawa ni wa kwetu," akasema, "babu yangu amezikwa kule." Akazima mashine. Siku iliyofuata tuliingia tukatia vizimba kwenye jokofu ili waliobaki wasiteseke wala wasitoroke, kisha tukavisafisha. Nguvu zote tukazielekeza kwa Watiira.

Siku zile nilijifunza mengi kuhusu mbu na kuhusu Daktari. Alikuwa akija na ndizi za kuchoma, tunakula tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mnaona, wakubwa kwa wadogo katika kazi hizi hawali pamoja sana. Akaniambia kwamba Profesa naye amewaambia wanafunzi wake wawili watafute kazi nyingine, na mmoja wao hakuwa na hakika kama atarudi kusoma. Nilikuwa nikidhani shida ile imetuchagua sisi. Kumbe kule nako, katika jengo lenye taa zote, mtu alikuwa amekaa juu ya ndoo yake.

Watiira wakaanza kupungua. Kizimba chenye mbu wengi kina uhai wake. Jioni inapoingia madume wanapanda juu wanacheza kama moshi, majike wanaingia katikati yao, na ndivyo wanavyopandana. Wakiwa wachache hawachezi. Kila dume amekaa pembeni peke yake. Nilikuwa nikiweka sikio kwenye neti kama Emojong alivyonifundisha, nikisikiliza mlio, na mlio ulikuwa unakuwa mwembamba. Majike walinyonya damu lakini mayai mengi hayakuanguliwa.

Kisha, asubuhi moja, Okoth akaja mbio kutoka langoni na redio yake. "Wamefungua! Bunge limeelewana!"

Daktari Nabwire akakumbatiana na mimi, jambo ambalo halikuwa desturi yetu. Okoth akacheza pale uani. Nilimpigia Nafula. Niliwapigia wenzetu nikawaambia wakae tayari.

Na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukijua. Nilidhani ofisi ikifunguliwa fedha zinatoka siku ileile, kama maji ukifungua bomba. Lakini yule ofisa alirudi akakuta mezani kwake miradi ya nchi nzima na ya nchi nyingine. Kila mmoja alikuwa anamngoja. Ripoti yetu ilikuwa katikati ya mlima ule. Alipomaliza yeye, karatasi zikaenda kwa chuo cha Profesa, kikaandika mkataba mpya, mkataba ukaja kusainiwa huku, ukarudi. Kila siku Daktari alifungua kompyuta yake asubuhi, akaitazama, akaifunga.

Katika majuma hayo, serikali ya Marekani ikiwa wazi na watu wake wamerudi kazini, Watiira waliisha. Kizimba cha mwisho kilikuwa na majike wachache. Niliwapa damu yenye joto, wakakataa. Niliwalowanishia pamba ya sukari. Nikawakuta chini, miguu juu, wepesi kama majivu ya karatasi.

Nilimwita Daktari. Hakulia. Alikichukua kile kizimba, akakikung'uta kwa nje, akakifua yeye mwenyewe kwenye sinki akitumia mikono, polepole, kila kona.

Idhini ilipofika, Profesa alipiga simu kwa furaha. Daktari akamshukuru. Kisha akasema, "Profesa, fedha nimeziona. Mbu ndio sina." Profesa akasema kwa sauti ndogo, "Pole sana, Nabwire. Pole sana." Nilimsikia, alikuwa na uchungu wa kweli.

Lile swali la neti mpya halikujibiwa mwaka ule. Waliokuwa wakilingoja jibu, wale wanaochagua neti gani igawiwe wapi, waliamua bila hilo jibu, kwani kugawa neti hakungoji.

Tulirudi Tiira kuanza upya. Nilibisha hodi kwa Mama Ouma, tochi na mrija mkononi, kama mtu aliyekuja jana.

Alitokea mlangoni, akasimama pale. Hakutukaribisha.

"Mulembe, Mama Ouma," nikamsalimia.

"Mulembe. Mmepotea njia?"

"Tulikuwa na shida kazini, mama."

"Shida." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Ouma alishikwa na homa. Nikasema, watu wa mbu wanakuja Jumatatu, wana dawa kwenye gari, kila mwezi wanampima. Nikawangoja. Jumatatu ikapita. Nikasema labda gari imeharibika, watakuja kesho. Mtoto akaanza kutetemeka mpaka macho yakageuka. Baba yake akambeba mgongoni mpaka kwenye lami, akapata boda boda, wakaenda hospitali Busia. Wakamwongeza damu."

"Yuko wapi sasa?" Daktari akauliza, na sauti yake haikuwa ya daktari.

"Yuko huko anacheza. Mungu alisaidia. Nyinyi hamkusaidia."

Ni kweli gari letu lilikuwa na vipimo na dawa, na kila mtoto wa nyumba zile tulimpima tulipopita. Akina mama wakatuzoea, wakaacha kuwaza njia ya kwenda kituo cha afya. Sisi hatukuyafikiria hayo. Tuliwaza mbu.

Daktari Nabwire akavua viatu vyake, akakaa chini pale kizingitini, akamweleza yote. Alieleza bila kuficha na bila kujitetea: bunge, bajeti, ofisa aliyekaa nyumbani, mkataba. Mama Ouma alisikiliza akiwa amesimama.

"Kwa hivyo wabunge wa huko wakigombana, mtoto wangu hapa Tiira ndiye anakosa dawa?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Mama Ouma."

"Na bunge letu sisi? Lenyewe lilikuwa limefungwa?"

Mume wake, aliyekuwa akinoa sululu pembeni, akacheka. Kisha akaona sisi hatucheki, akaacha. Nimemwona Daktari akijibu maswali ya maprofesa kwenye mikutano bila kusitasita. Swali lile lilimkaa rohoni. Najua lilimkaa, kwa sababu tangu mwaka ule amekuwa akipanda na kushuka ngazi za ofisi za Kampala akitafuta fedha za hapa nyumbani, hata kidogo, za kuwaweka mbu hai wakati za mbali zimekatika. Amepata kidogo. Anaendelea kupanda.

"Mimi sikatai mbu," Mama Ouma akasema mwishowe. "Chukueni, wako wengi. Lakini mngekuja kuniambia. Hata bila gari, hata bila dawa. Mngesema, Mama Ouma, sisi hatuji, mtoto akipata joto nenda hospitali. Kusema hivyo kunahitaji bajeti?"

"Hapana," Daktari akasema.

Akatupisha mlangoni. Asubuhi ile tuliwakamata mbu wake, wachache, maana mashimo yalikuwa yamekauka, na tukaanza kizazi cha kwanza kwa mara ya pili. Ouma alikuja akasimama kati yangu na ukuta akitaka nimmulikie tochi usoni.

Miaka ikapita. Nilipokuwa nakaribia kustaafu, habari zikaanza tena redioni: bajeti ya huko imekwama, siku zinakaribia. Safari hii Daktari Nabwire hakungoja. Kibali kikiwa bado hai na gari likiwa bado na mafuta, tulizunguka Tiira yote na Buhehe, nyumba kwa nyumba. Tuliwaambia kwamba huenda tusionekane, na tukawaonyesha kituo cha afya kipi kina vipimo na siku gani kuna mhudumu. Kazi hiyo haina matokeo ya kuchapishwa popote. Ilitumaliza miguu.

Kwa Mama Ouma nilifika mwenyewe. Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa.

"Nimesikia. Sasa wewe unazeeka, Mzee Wandera. Ukishaacha kazi, nani atakuja kuniambia?"

Nikamwambia mtakuja ninyi.

Nyumba yake ni ya tatu baada ya mashimo ya zamani, ukitokea barabarani, yenye jiko la nyasi upande wa kulia. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawatoa mbu ukutani. Mkiwa na dawa, pigeni hodi. Mkiwa hamna kitu ila habari mbaya, pigeni hodi vilevile.